Mzee Mwenye Biblia Katika Filamu

Rafiki yangu Ochieng',

Tangu tukuzike sijakuandikia, kwa sababu sikuwa na neno la kweli la kukwambia. Leo ninalo, nalo ni baya.

Jumapili, baada ya ibada, vijana walituonyesha filamu katika ukumbi wa kanisa letu hapa Usenge. Ilihusu tajiri aliyekusanya akiba za maskini akiwaahidi faida, kisha akatoweka. Walitaka mimi, mwalimu mstaafu, nieleze mafunzo yake. Tajiri hakunisumbua. Aliyenisumbua ni mzee mmoja aliyepita nyumba hadi nyumba na Biblia kwapani, akiwashawishi majirani, huku akilipwa kwa kila aliyemleta. Mwendeshaji mmoja wa bodaboda, nyuma yangu, akasema, "Heri huyo tajiri. Huyu mzee anauza watu wa kwao." Watu wakacheka. Nami nilicheka, Ochieng'.

Unazikumbuka fomu zetu za ile kampuni ya akiba ya Kisumu? Nilizipeleka madhabahuni ziombewe, kama tunavyoombea mashua mpya kabla haijaingia ziwani. Wewe ulisita. Ulisema mashua unaiona, lakini kampuni ile hujui hata mlango wake. Nikakukemea kwamba kilichokwisha kuombewa hakitiliwi shaka. Juma lililofuata uliuza mashua na injini yake, ukawapa fedha zote.

Kampuni ilipofungwa, ulikuja kunifariji. Mimi! Uliketi sebuleni mwangu, ukasema tumepoteza pamoja. Hatukupoteza pamoja. Nililipwa kwa kila jina nililolipeleka, jina lako likiwamo. Mabati yaliyotukinga mvua siku ile yalinunuliwa kwa malipo hayo. Nilikumiminia chai, nikanyamaza. Kwenye mazishi yako nilisoma wasifu, nikasema uliuawa na presha, nisiseme ilitoka wapi.

Basi, Jumapili nilisimama, nikafafanua tamaa na toba kwa ufasaha. Kuhusu yule mzee sikusema lolote.

Mkeo aliningoja mlangoni. Siku hizi anaanika samaki wa omena wa watu wengine kwa kibarua. Mikono yake imepasuka. Akaniambia, "Mwalimu, leo umefundisha sisi vizuri. Baba Akinyi angekuwa hapa, angefurahi." Kisha akaeleza kwamba zamu yake ya kupokea pesa katika chama cha akina mama imefika, na kwamba Alhamisi atakuja nimwonyeshe pa kuziweka pesa hizo, maana mtu mwingine hamwamini.

Nimejaribu kuomba. Maneno yanatoka yakiwa sahihi, lakini hayaendi popote. Hata nikiungama, mashua haitarudi, wala wewe.

Ninakuahidi jambo moja tu: Alhamisi nitamwambia kabla hajaketi. Najua nilikwisha kuahidi hivyo kaburini kwako, mara mbili.

Kwaheri, ndugu yangu. Nikinyamaza tena, siku tutakayokutana huko usinipe mkono.