Ouma na Lile Shimo la Bluu

Jumanne, Migori. Mvua tangu asubuhi, stima inaenda na kurudi, na mimi nina hasira. Kuna bwana na bibi harusi watarajiwa waliingia dukani kuuliza habari za kurekodi sherehe yao, nikawajibu vibaya mpaka wakaenda zao.

Tulimzika mama Ijumaa, nyumbani Rangwe. Watu wananiambia pole nami naitikia. Lakini ukweli, na ninauandika hapa kwa sababu hapa hakuna shangazi, ni kwamba tangu siku hiyo nimelia zaidi kwa sababu ya waya wa kompyuta kuliko kwa sababu ya mama.

Ndiyo. Waya.

Kazi yangu ni kurekodi harusi na mazishi na kuyarusha laivu kwa walio mbali. Nimewarushia watu wengi mazishi ya mama zao na wakanipigia kunishukuru. Ya mama yangu ndiyo yaliyoharibika.

Mdogo wangu Adhiambo yuko Saudia, anafanya kazi ya nyumbani kwa watu. Alinyimwa ruhusa ya kuja. Alichopewa ni ruhusa ya kukaa jikoni na simu mpaka mazishi yaishe. Alinipigia akilia: "Dada, hakikisha tu nimwone." Nikamwambia atamwona. Kulikuwa pia na habari ya rinda. Alikuwa amemtumia mama rinda la kijani, kitambaa kizuri cha huko, na mama akalifungia kwenye sanduku akisema atalivaa siku Adhiambo akirudi. Tukamzika nalo.

Nilipanga mitambo yangu mapema, lakini sikuweza kukaa nayo. Nilipoinama kurekebisha kamera, shangazi Philista alinishika mkono. "Wewe leo si mtu wa kamera. Leo wewe ni mtoto wa marehemu. Kaa hapa." Alikuwa sawa, ndivyo inavyotakiwa. Basi nikamwachia Ouma, mtoto wa baba mdogo, mwanaume mzima mwenye ndevu, anayejua kila kitu kuanzia siasa mpaka magonjwa ya kuku.

Nilimweleza polepole. Kompyuta yangu ina mashimo mawili ya USB upande wa kushoto, na ukiyatazama haraka ni mapacha: mdomo ule ule, upana ule ule, waya unaingia kote kote. Chungulia ndani. Moja lina ulimi mweusi. Jingine lina ulimi wa bluu, na kando yake kuna herufi SS na alama ndogo ya radi. Lile jeusi ni la aina ya zamani, linatosha kipanya, linatosha kibodi. Picha ya kamera ni nzito, inataka la bluu. Ukiipitisha kwa jeusi ni kama kumwaga maji ya tangi kwa mrija wa soda. Halafu upande wa pili kuna lile dogo lenye mdomo wa yai, ambalo waya wake hauna juu wala chini. Hapo niliweka chaja ya kompyuta yenyewe. Nikamwambia, Ouma, tafadhali, usichomoe kitu.

"Sista, unanifunza USB mimi?" Akacheka.

Shida ni kwamba kuna kitu kimoja alichokijua. Alijua alama ya radi maana yake ni chaji ya haraka.

Simu yake ilipokaribia kuzima, katikati ya ibada, alichomoa waya wa kamera kwenye shimo la bluu akachomeka simu yake. Kamera akaihamishia kwa jeusi. Waya uliingia bila shida, taa ikawaka, akaona mambo ni sawa, akaenda kutafuta soda. Haya yote alinieleza mwenyewe bila aibu yoyote.

Niliporudi kutoka kaburini nilikuta skrini nzima ni koti. Koti la mjomba, mgongoni, alipokuwa akipita mbele ya kamera. Picha iliganda hapo kabla jeneza halijafunguliwa, na haikusonga tena. Chini yake jumbe zimejaa: picha imesimama, jamani hatuoni, Ouma uko? Jina la Adhiambo lilikuwepo kati ya watazamaji. Hakuandika chochote. Alikaa jikoni kwa watu akitazama koti mpaka mama akafukiwa.

Hata rekodi iliyobaki ni koti hilo hilo.

Simu ya Ouma ilikuwa imejaa chaji.

"Yawa, si sauti ilisikika?" akaniambia. "Na mashimo ni mashimo." Nilitaka kumrushia kompyuta yenyewe. Lakini waombolezaji walikuwa bado wanakula, na hata mimi nina adabu.

Jioni Adhiambo akaandika kwenye grupu ya familia: asanteni sana, nimeona yote, Ouma ubarikiwe. Ouma akajibu kwa mikono ya kuomba, shangazi Philista akamsifu, wengine wakafuata. Mimi nikafunga simu.

Leo nimechukua rangi nyekundu ya kucha nikaweka alama kando ya shimo la bluu, na jeusi nimeliziba kwa selotepu. Upuuzi mtupu. Mama ni mmoja na ameshazikwa.

Nilikuwa bado na selotepu mkononi ujumbe wa sauti wa Adhiambo ulipoingia kwenye simu, kwangu peke yangu. Alinong'ona, nadhani bosi wake alikuwa karibu. "Dada, mimi sikuona kitu. Usiwaambie. Lakini niambie tu, ile rinda ilimkaa?"

Halikumkaa. Mama alikonda sana mwishoni, na Adhiambo alinunua rinda la mama wa zamani, yule mnene aliyemsindikiza mpaka steji siku ya kuondoka. Akina mama wa kanisa walilivuta nyuma wakalibana kwa pini, na bado shingo ilimlegea na mabega yakaning'inia. Kila aliyepita kwenye jeneza aliona. Kamera ingeonyesha hayo yote.

"Ilimkaa, nyamera, mdogo wangu," nikamjibu. "Ni kama ilishonewa yeye."

Akanitumia sauti nyingine. Alikuwa analia na kucheka. Alisema sasa atalala.

Kwa hivyo nimshukuru Ouma? Maana bila yeye nisingekuwa na uongo wa kumpa mtoto wa watu alale. Nimekaa hapa nikijiuliza tangu stima irudi. Lakini lile rinda alilinunua Adhiambo, na mle ndani alikuwa mama yake, na alikuwa na haki ya kuona lilivyomlegea akalia kama sisi.

Simshukuru. Hata kidogo.