Dawa ya Kutu

Jumatatu, 3 Machi 2025

Nimesaini! Gari ni langu. Karibu langu—bado liko yadi kwao, na kazini watanikata mshahara mpaka mwanangu Aika afike sekondari. Jipya kabisa. Viti bado vina nailoni. Nilidhani nitatoka pale nikiimba. Badala yake nimekaa kwenye ngazi za duka la jirani mpaka mwenye duka akaniletea maji.

Aliyenivuruga ni binti muuzaji, Agnela. Mpole, kucha ndefu, ananiita mama kila sentensi. Tumeshamaliza kila kitu, akauliza kwa sauti ya kumuuliza mtu kama anaweka sukari: na dawa ya kutu tupake? Wanainua gari, wanapuliza dawa chini kote na ndani ya milango. Inatakiwa ipakwe kabla gari halijaonja tope. Si lazima, akasema, ni hiari yangu.

Hiari yangu! Nikasema nitafikiri. Angejua tu. Kutu ndiyo iliyomwacha mwanangu bila baba.

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Nimewahi ibada ya asubuhi. Mchungaji anasema u mavumbi na mavumbini utarudi, mimi nawaza chesisi.

Ofisini nimemuuliza Jackline, tunayekaa naye meza moja. Amecheka. Anasema hao wauza magari wanajua mtu akishasaini ni kama amelewa, wanamwongezea mpaka kamba ya kufungia ng'ombe. Na Arusha hakuna bahari, kutu itoke wapi? Amesema kwa uhakika wa mtu ambaye hajawahi kuzika.

Sikumwambia. Watu wanajua mume wangu Gadiel alikufa kwa ajali, basi. Mvua, mteremko wa Nkoaranga, pikapu imejaa ndizi. Polisi waliandika utelezi. Msibani wakasema ni kazi ya Mungu. Lakini mimi niliiona pikapu ilipovutwa kutoka korongoni. Chesisi, ule uti wa mgongo wa gari, imekatika kati, kama mtu amevunja biskuti. Nje nyeusi, inang'aa. Ndani kahawia, unagusa unabaki na unga. Niliushika ule unga. Ulikaa kwenye kucha zangu mpaka siku ya mazishi.

Tangu hapo Aika haingii kwenye gari lolote bila kugonga sakafu kwa kisigino. Anagonga, anasikiliza, ndipo anakaa. Mtoto wa darasa la nne!

Kwa hiyo ipakwe. Si ndiyo? Basi mbona mkono unakataa? Kila nikiwaza wanapaka kitu cheusi chini ya gari langu nataka kusema hapana, na sijui ni kwa nini.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeomba kuhusu dawa ya kutu. Nimepiga magoti kabisa. Mungu hajajibu. Nadhani bado anashughulikia mvua, maana Meru nzima inamlilia.

Jumamosi, 8 Machi

Aminiel amekuja. Ni mdogo wake Gadiel, wa pekee, ana gereji yake Kimandolu. Tangu msiba hajakosa Jumamosi. Huleta ndizi kutoka kwa Mama mkwe, huleta maziwa, hutengeneza kitasa, hulipa ada ya Aika pale ninapokwama wala hasemi. Aika anamwita Baba mdogo, ila siku hizi lile "mdogo" analimeza. Bila Aminiel ningekuwa nimesharudi kwetu Machame na mabegi yangu.

Leo nimemwambia kuhusu gari. Amefurahi mpaka akapiga makofi, akaniuliza rangi, akaniuliza injini, akasema kaka yake angeringa huyo! Tukacheka wote. Ndipo nikamuuliza habari ya dawa ya kutu.

Uso ukabadilika. Akasema wanataka kuniibia, gari jipya halihitaji kitu, na kama nina wasiwasi nimpelekee gereji atalipiga lami chini mwenyewe, bure. Nikasema, lakini shemeji, ile pikapu— Akainuka. Akasema ameliona bomba la nje linavuja. Bomba la nje ni zima! Nimechungulia dirishani. Amesimama nyuma ya nyumba anautazama ukuta. Chai hakunywa.

Nimejiona mkatili. Alikuwa kaka yake. Ana kidonda chake, na mimi nakiparura kwa maneno ya magari.

Jumatatu, 10 Machi

Natamani nisingeenda.

Nilimwomba Agnela anionyeshe wanavyofanya kazi, labda moyo utatulia. Kulikuwa na gari la mtu mwingine limeinuliwa juu. Mafundi wameliosha chini, wamelikausha kwa upepo, wanamulika tochi kila kona. Wanamulika tu. Nikauliza mbona hawapaki.

Agnela akasema wanakagua kwanza, hata gari jipya, maana limesafiri na meli. "Hatupaki juu ya kutu, mama. Ukipaka juu yake umeifungia ndani. Inaendelea kula taratibu, na wewe ukiinama unaona nyeusi tu, safi."

Nyeusi tu, safi.

Nikaomba choo. Nimetapika hadi machozi.

Maana ile pikapu haikuwa nyeusi chini ilipokuja. Ilitoka Tanga, ya mfanyabiashara wa samaki. Aminiel ndiye aliyemtafutia kaka yake, ikakaa gereji kwake ikitengenezwa. Siku ya kukabidhi, Gadiel alilala chali pale uani na shati lake la kanisani, akachungulia chini, akaniita nije nione. Mke wangu, tazama, kama mpya! Aminiel amesimama pembeni anafuta mikono kwa tambara. Uwanja mzima unanuka lami. Mimi nikasema Mungu mkubwa. Ndiyo, mimi! Nilisema Mungu mkubwa.

Jumanne, 11 Machi

Labda hakuiona. Labda waliopaka ni vijana wake. Labda kutu ilianza baadaye. Labda, labda, labda. Kutu ya kula chesisi nzima haianzi baadaye.

Jackline ameniuliza kama ninaumwa. Nimesema malaria.

Jumatano, 12 Machi

Nimeomba ruhusa, nimeenda Kimandolu.

Alikuwa chini ya gari, miguu tu ndiyo inaonekana. Vijana wamekwenda kula. Sikumwambia atoke. Nikaongea na ile miguu—nadhani ndiyo maana niliweza. Nikamwambia: shemeji, ulipoipiga lami ile pikapu, kutu uliiona?

Miguu ikatulia. Kule upande wa barabarani redio ilikuwa inatangaza mpira.

"Niliiona," akasema kutoka kule chini. "Niligonga kwa nyundo, nikaona chesisi itavumilia. Nikasema akimaliza msimu wa kahawa tutaiingiza ndani, tuchomelee chuma. Gadi alikuwa ameshaipenda, shemeji. Alikuwa anakuja kuiangalia kila jioni kama mchumba."

Nikauliza kama alimwambia.

"Hapana. Kila siku nilisema kesho."

Akatoka. Uso umejaa oili na machozi, mistari miwili myeupe mpaka kidevuni. Akanyoosha mkono, akaona ni mchafu, akaurudisha. Nikaondoka. Sikumtukana. Nilikuwa nimeandaa matusi ya Kichaga, yale makavu ya bibi yangu, njia nzima nayafanyia mazoezi. Hata moja halikutoka.

Alhamisi, 13 Machi

Hakuna la kuandika.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua imeanza. Mlima umepotea wote. Watu wanashukuru barabarani, mimi naona tu mteremko na ndizi.

Nimemchukia mpaka meno yanauma. Nakaa naangalia vitu ndani ya nyumba hii—kitasa, rafu, kile kiti alichokigongea mguu mpya. Vyote ni mikono yake. Kumbe Jumamosi zote zile alikuwa anapaka lami! Anapaka juu ya kutu, na mimi nainama naona shemeji mwema. Au alitupenda kweli? Au ni yote mawili kwa pamoja? Sitaki kujua. Nataka awe mbaya tu, mbaya moja kwa moja, nipumzike.

Na lililo baya kuliko yote: jana nilipoona siwezi kubeba jambo hili peke yangu, nilishika simu nimpigie mtu. Jina nililolifungua ni la Aminiel. Sina mwingine! Mtu wa kwanza niliyetaka kumlilia ni yeye mwenyewe.

Aika ameuliza kama Baba mdogo anakuja kesho. Nimemfokea kuhusu soksi. Akaziokota, akaenda kuzifua na mvua yote ile. Mtoto hana kosa. Ninaharibu kila ninachogusa.

Agnela ameandika kwenye simu. Gari liko tayari, kesho mchana ndiyo mwisho wa kumpa jibu, kisha linatoka kama lilivyo. Tupake, mama, au tusipake? Nimeandika ndiyo, nikafuta. Nimeandika hapana, nikafuta. Naogopa kutu na naogopa dawa yake. Mtu wa kunishauri mambo ya magari nilikuwa naye mmoja.

Jumamosi, 15 Machi

Nimesikia geti. Nikajua ni Aminiel. Nikachungulia.

Si yeye. Ni Mama mkwe. Peke yake, kwenye mvua hii, kutoka Nkoaranga! Yeye ambaye miguu yake imevimba hata kanisani siku hizi anapelekwa. Ndiyo hasa sababu ya kukopa gari—nimpeleke kliniki bila kumpandisha bodaboda. Na leo kaja na bodaboda hiyo hiyo. Khanga imelowa yote. Nikakimbia na mwavuli, shikamoo Mama, ingia, kuna nini?

Akaingia mpaka sebuleni, akakataa kiti. Akafungua khanga kifuani akatoa jani la isale. Bichi, limefungwa fundo, amelikinga na mvua kuliko alivyojikinga yeye.

Kwetu Machame na kwao Meru jani hilo linasema neno moja: samehe. Aliyekosa halileti mwenyewe, anamtuma mtu wa heshima. Kwa hiyo anajua. Aminiel amemwambia! Amekwenda nyumbani Jumatano ile ile, akapiga magoti jikoni kwa mama yake, akamweleza yote: nyundo, lami, kesho, kesho. Tangu hapo amejifungia chumba walicholala na Gadiel walipokuwa wadogo. Hali chakula. Mlango wanamgongea, anaitikia tu kwamba yupo.

Mama ameeleza haya bila kulia. Macho yake ni makavu na mekundu. Nikafikiri: huyu amejua juzi tu. Juzi tu amejua mwanawe mmoja alimfanya nini mwingine, na leo amechuma isale, amepanda bodaboda, amekuja kumwombea yule aliyebaki. Angeweza kumlaani. Ana haki hiyo kuliko mimi.

"Mama Aika," akasema. "Mmoja nimemzika. Huyu usinifanye nimzike anapumua."

Akanyoosha jani.

Isale halikataliwi. Ukilikataa, ubaya unahama, unakuwa wako na wa watoto wako. Hilo nalijua tangu sijajua kusoma. Bibi yangu alilipokea kwa mtu aliyemchomea nyumba. Alilipokea, akaenda kutapika nyuma ya mgomba, lakini alilipokea. Najua yote. Ila hakuna aliyenifundisha mkono unainuliwaje. Nimeuambia uinuke. Umekaa tu, kama si wangu.

Nikasema, Mama, keti kwanza, nakuja. Nimekuja huku chumbani. Na nafanya nini? Naandika! Mwanamke mzima, mama mkwe amesimama sebuleni analowesha sakafu, mimi naandika!

Mlango uko wazi, ninamwona. Hajaketi. Tope la Nkoaranga limempanda mpaka kwenye kifundo. Aika ametoka chumbani kwake, amemwona Bibi, ameliona jani, amesimama. Anajua si wakati wa kumkumbatia. Nani kamfundisha?

Nikilipokea, Jumamosi ijayo Aminiel atakuja na ndizi, nami nitamkaribisha chai. Nitaweza? Nitamtazama anavyokoroga sukari? Na nisipolipokea, huyu mama atatoka na jani lake mkononi, apande bodaboda, aende kumwambia yule aliye nyuma ya mlango kuwa nimekataa. Halafu?

Gadi, wewe ungefanya nini? Nakujua. Ungekuwa umeshalipokea na kuuliza kama kuna chakula.

Simu. Agnela. Imeita ikakata, ikaita tena, nikapokea ili inyamaze. Anauliza: mama, mafundi wanakaribia kufunga, tupake au tusipake? Nikasikia sauti yangu inamwambia asubiri kidogo, nina mgeni.

Mgeni! Mama yake Gadiel, mgeni kwangu.

Mama mkwe amesikia. Ameinamisha kichwa. Lakini jani hajalishusha.