Ndege Isiyo na Injini

Kaka yangu mpendwa,

Natumaini goti limepoa na shemeji amesharudi salama kutoka kwao. Huku tu wazima, ila mimi chakula hakinipiti. Si homa, ni kinyaa.

Barua yako nimeipata. Unauliza kama pesa ya kiwanja uitie kwenye hisa za kampuni yetu, maana nilikusifia sana: tunanunua ndege, tunazikodisha kwa mashirika ya usafiri, wenye hisa wanagawana kodi. Ngoja nikueleze inavyofanyika hasa.

Ile ndege niliyokutumia picha yake ilirudishwa na waliokuwa wameikodi. Mkurugenzi wetu, tunayemwita Rubani ingawa hajawahi kurusha hata tiara, akatuamuru mafundi tuzing'oe injini zote mbili zikafungwe kwenye ndege nyingine. Likabaki gamba. Panya wamezaa chini ya viti vya mbele, na harufu yake, kaka, inang'ang'ania nguo hata ufue mara tatu. Nje wakalipiga rangi mpya. Penye injini wakaning'iniza maganda matupu na kuyavika turubai jekundu.

Mwezi uliopita Rubani akawaleta wanahisa waitazame. Wengi wastaafu, wamevaa nguo zao za kutokea. Akawapanga kwenye ngazi wapigwe picha, akawahakikishia kwamba ndege hiyo inaingiza kodi kila mwezi. Alikuwa akitafuna biskuti huku anaongea, makombo yanamdondokea kwenye tai, analamba vidole, kisha kwa mkono huo huo anawapapasa wazee mabegani.

Muuguzi mmoja mstaafu alibaki nyuma ya wenzake. Aliponiona na ovaroli akanisogelea, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, wewe ndiye fundi. Hii inaruka?"

Nikamjibu, "Inaruka, mama."

Akanishukuru, akaenda kuweka kiinua mgongo chake chote.

Hilo ndilo nililokuwa nakuzunguka nalo tangu mwanzo. Anayenichefua si Rubani peke yake. Cheti kinachosema ndege ile ni nzima kina sahihi yangu. Nilitia sahihi kwa ahadi ya kupandishwa cheo, na cheo nikapewa, pamoja na chumba chenye zulia. Pale ndipo nilipokuwa nimekaa nikikuandikia zile sifa.

Jumatatu nilipeleka nakala za kila kitu kwa wakaguzi wa usafiri wa anga, na maelezo yangu juu. Ofisi imefungwa, Rubani anahojiwa. Leseni yangu wameichukua, na sidhani kama nitaiona tena.

Kisha nikaenda kwa yule muuguzi. Alinisikiliza mpaka mwisho pale pale mlangoni, hakunikaribisha ndani. Hakuuliza habari za pesa. Aliuliza kama mama yangu yu hai. Nilipomwambia yupo, akasema, "Basi kamwambie wewe mwenyewe, asije akasikia kwa watu." Akafunga mlango.

Kwa hiyo pesa ya kiwanja usiiguse, na Jumamosi nakuja. Tafadhali usinitangulie kwa mama. Ila ukae nasi chumbani, maana najijua, naweza kuanza kupunguza maneno. Nikipunguza, nirudishe.

Nisalimie shemeji na watoto wote.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi