Maneno Niliyoyakata

Tabata, 9 Machi 2024

Mtani wangu Mwanaheri,

Assalaam aleykum. Sie huku wazima, baba mgongo unamsumbua kidogo lakini anatembea. Shangazi hajambo? Na wewe mwenyewe, unakula? Najat ameniambia umekonda, ila mdogo wako huyo naye hachelewi kutia chumvi.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu yangu umeifungia, na kwenye kundi letu la Mikweche umetoka bila kuaga. Tumebaki wanane. Juzi Fransis kaleta kompyuta ya mwaka 2009, haiwaki, tukakaa tunaitazama tu, maana wa kuiamsha ni wewe.

Najua nilichofanya. Miaka sita umekuwa ukitufundisha kufufua mashine zilizotupwa, na maelezo yako yote yamefungiwa kwenye simu za watu tisa. Nilitaka dunia ione akili yako. Nikayachukua, nikayapeleka kwenye lile jukwaa la mtandaoni la watu elfu sita, jina lako juu kabisa. Ruhusa sikuomba kwa sababu nilijua utanijibu kwa tusi. Na yale matusi yako nikayakata, watu wa nje wasije wakadhani tunagombana. Wao watajuaje kwamba mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi ni watani, na kwamba wewe tangu utotoni hujawahi kutaja jina langu bila kulitia doa?

Hapo ndipo nilipoharibu. Wewe uliandika: "Kama wewe ni Mudathir usihangaike, futa diski yote, mashine ipumzike na mikono yako." Nikakata jina langu, nikakata na mikono yangu. Kikabaki: "Usihangaike, futa diski yote." Yule Gaudens wa Mbagala akasoma, akaona jina lako, akaamini, akafuta.

Nisamehe. Naomba urudi. Kundi limepoa, na mie nimepoa zaidi yao.

Mtani wako,
Mudathir


Boko, 2 Aprili 2024

Kaka Mudathir,

Shikamoo. Natumaini funga inakwenda vizuri huko. Mama hajambo, anakusalimu sana. Mjomba mpe pole ya mgongo.

Barua yako niliipata. Samahani kwa kuchelewa kujibu, kazi zimekuwa nyingi.

Gaudens aliniandikia. Ndani ya diski ile mlikuwa na sauti ya marehemu mama yake, aliyokuwa akimtumia kila Jumapili kumsalimia, miaka mitatu. Alinitukana na nikamwacha anitukane. Walioungana naye wengine hata kompyuta hawana. Halafu shoga yangu mmoja akanitumia maelezo yale yale, juu yake pameandikwa kuwa yamesambazwa mara nyingi, jina langu halipo tena, akaniambia nijihadhari na mjinga aliyeyaandika.

Umesema habari ya ruhusa. Namna ya kufufua kompyuta si mali yangu. Nami niliokota kwa watu, kidogo huku kidogo kule, nikaongeza cha kwangu. Ungeyaeleza kwa maneno yako, ukasema umejifunza kwangu, nisingekuwa na neno. Lakini ulichokiacha kilikuwa cha watu wote, ulichokikata ndicho kilikuwa changu. Kuna siku nilikuwa naamka asubuhi, kabla sijanawa uso, nawaza leo nikutukane vipi.

Naomba ufute kila nilichowahi kuandika: jukwaani, kwenye kundi, na kwenye simu yako pia.

Dada yako,
Mwanaheri


Tabata, 14 Aprili 2024

Mwanaheri,

Salamu za Idi, ingawa imeshapita. Baba hajambo.

Barua yako niliisoma hadi neno "shikamoo" nikaiweka chini. Miaka ishirini na tisa ninayokufahamu hujawahi kunipa shikamoo, hata nilipokuwa naumwa. Nilipofika mwisho nikakuta "dada yako". Bora ungeniandikia kwamba hutaki kuniona.

Siku ya Idi nilikuja kwenu. Shangazi akaniambia umelala. Viatu vyako vilikuwa mlangoni na redio ya chumbani ilikuwa inaongea. Nilikula pilau, nikaaga.

Nina wazo la kusafisha jina lako. Nitayaweka jukwaani mazungumzo yetu yote kama yalivyo, na matusi yake, ili waone yule ujumbe ulikuwa wa utani na uliandikiwa mie. Safari hii naomba ruhusa kwanza.

La pili ni gumu kulisema. Ya jukwaani na ya kundini nitafuta. Ya kwenye simu yangu niachie. Nikikosa usingizi nayasoma. Nilidhani nakusanya maarifa ya kompyuta, kumbe nilikuwa nakukusanya wewe. Nimechelewa kujua, lakini ndivyo ilivyo, nakupenda, na nimekuwa nikikupenda muda mrefu.

Mtani wako, kama bado unanikubali,
Mudathir


Boko, 25 Mei 2024

Kaka Mudathir,

Shikamoo. Mvua zimetuchosha huku, njia ya kwetu imekuwa tope tupu, lakini sote wazima. Mama ameuliza mbona huji.

Nimekaa na barua yako wiki sita. Jibu ni hapana. Usiwaonyeshe. Wakicheka nitaumia, na wasipocheka nitaumia zaidi. Yale niliyaandika mbele ya watu wanane ninaowajua kwa sura, na mengine niliyaandika kwako tu. Hayawi ya watu elfu sita kwa sababu tu yangenisaidia.

Wiki iliyopita nilipita dukani Kawe kununua chaji. Maelezo yangu yamebandikwa ukutani, yamechapwa kwa herufi kubwa, na lile neno la kufuta diski limo. Nikamwambia muuzaji kwamba limekosewa. Akaniuliza mie nani hata nijue. Nikanunua chaji nikaondoka.

Kwa hiyo futa, na ya kwenye simu pia. Kuhusu hilo jingine ulilosema, sina la kukujibu kwa sasa.

Dada yako,
Mwanaheri


Tabata, 30 Juni 2024

Dada Mwanaheri,

Natumaini barua hii itawakuta wazima. Huku hatujambo.

Jukwaani nimeandika mistari minne: kwamba maneno yale niliyachukua bila ruhusa, nikayakata vibaya, aliyeyaandika hana kosa, na mwenye kosa ni mimi, Mudathir wa Tabata. Neno lako hata moja sikulionyesha. Wachache wamenitukana. Wengi walishasahau kitambo, na hilo liliniuma kuliko matusi.

Kawe nilikwenda, yule muuzaji akabandua karatasi yake. Zilizoko kwingine siwezi kuzifikia zote.

Mbagala pia nilikwenda. Gaudens hakutaka kunifungulia, baadaye akafungua. Nashukuru hakuwa ameandika kitu kipya juu ya diski ile, maana kingefunika vya zamani. Nikatumia ile njia yako ya kuokoa mafaili yaliyofutwa, nikamwambia ni yako. Sauti zilikuwa zaidi ya mia moja na hamsini. Zimerudi kumi na tisa. Aliposikia ya kwanza alitoka nje, akakaa huko muda mrefu.

Na nimefuta. Simu yangu sasa haina neno lako. Sikuwa mwaminifu kabisa, kabla ya kufuta nilisoma yote, siku nne, nikacheka peke yangu kazini hadi wakaniuliza. Yaliyobaki kichwani sijui yanafutwaje.

Umesema dada, basi ni dada. Sitakusumbua tena.

Kaka yako,
Mudathir


Boko, 7 Julai 2024

Mudathir,

Salamu. Mie mzima. Najat naye mzima, ndiye aliyekwenda kuninunulia karatasi hii.

Gaudens amenipigia, akaniomba radhi, akanisikilizisha sauti moja ya mama yake. Kimakonde sikijui, ila nilisikia mtu anagombezwa. Nikamuuliza anasema nini. Akasema anamuuliza kama ameoga, na kwa nini harusi ya ndugu yake alikwenda na shati lisilopigwa pasi. Tukacheka wote wawili.

Akaniambia pia kwamba ulishinda kwake siku tano, ukala ugali wa watu wanne, na sauti ya kwanza ilipotoka ukalia mbele ya watoto wake. Mwanaume mzima, na pua yote ile. Lichwa kama televisheni ya kizamani, nusu ya chumba imeisha na picha yenyewe haionekani. Tusi hilo nimelitunga leo asubuhi, kabla sijanawa uso.

Mikweche sijui kama nitarudi. Nyumbani njoo Jumapili ijayo. Ukifika usiniulize kitu mbele ya mama, wala usijitie mnyonge, kaa ule kama kawaida yako. Nitakusindikiza hadi barabarani, na hilo ulilosema Aprili utalisema tena kwa mdomo wako.

Binti wa shangazi yako,
Mwanaheri