Kokoto Ulizosugua kwa Sabuni

Kaka,

Usiwashe pampu, bado ina povu. Perege wanne waliobaki hai wako kwenye ndoo ya bluu jikoni. Usiwape chakula. Saa sita waongezee jagi moja la maji ya beseni, yaliyolala tangu jana; si ya bomba, hayo yana klorini.

Asubuhi nimekuta perege saba wanaelea. Mama anasema jana ulisugua kokoto za mradi wangu wa samaki na spinachi kwa sabuni ya unga, ukimwambia, “Zinateleza hizi! Huyu msomi wenu hajui hata usafi.” Sabuni imewaua samaki. Na ule utelezi ulikuwa bakteria wanaogeuza uchafu wa samaki kuwa mbolea ya spinachi. Niliwakuza wiki sita. Wewe ulihitaji nusu saa, na bado ukajisifu.

~~Nikirudi usinisemeshe.~~ Nikirudi uwe umesoma ukurasa wa nne wa daftari langu. Ukurasa huo una michoro, kwa hiyo utaelewa.

Mwalimu anakagua mradi leo saa nane. Nimebeba vipimo vya maji na kokoto zako zinazong'aa. Kwenye ripoti, penye chanzo cha vifo, nimeandika: “Kaka wa mwanafunzi.”

Mdogo wako