Mfupa wa Mgeni, Bakuli la Mwenyeji

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla sijafanya ujinga wa pili, maana wa kwanza nimeshaufanya mchana kweupe mbele ya mkwe wangu. Mimi ni fundi cherehani, umri umekwenda na kitambi kimekuja, watoto wana kwao, nyumbani tumebaki mimi na mbwa wangu Bosi, anayelala chini ya cherehani na kuwajua wateja wasumbufu kabla hawajabisha hodi. Sasa mama mkwe wa binti yangu, muuguzi wa wodi ya watoto, naye ana mbwa, Malkia, tukakubaliana amlete uani kwangu kila Jumamosi wacheze, nasi wazee tupate kuwasengenya wajukuu, na mambo yalikwenda vizuri hadi Jumamosi iliyopita nilipojitia uungwana, nikasema mgeni gani huyu haandaliwi, nikatia mfupa mnono kwenye bakuli la Bosi na kumkaribisha Malkia aanze, huku Bosi anatazama.

Sikuwahi hata kunyoosha mgongo, wakavaana. Nikapiga mayowe, nikazunguka ua kama kuku aliyeona mwewe, nikapeleka mkono shingoni kwa Bosi, na mkwe, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, akasema, "Mkwe, toa mkono, kesho una nguo za kushona." Akauchukua ubao wangu wa kukatia vitambaa, akauteremsha katikati yao taratibu kama anayefunga mlango, wakaachana. Akamfungia Malkia bafuni, akamkagua Bosi kwanza, mbwa wangu kabla ya wake, mshauri, ndipo akanigeukia: "Ukimaliza kupiga kelele, niletee maji na sabuni." Malkia alichanika sikio kidogo. Utulivu ule sijauona kwa mtu mwingine.

Kwa aibu nikaropoka kwamba Bosi haonekani tena hapa, Jumamosi hii anachukuliwa na mlinzi wa ghala anayetafuta mbwa. Mkwe akasema tu, "Haya, mwenye mbwa ni wewe," akaondoka, hata mpira wa Malkia akausahau uani. Heshima ya mkwe ni kubwa, lakini Bosi ndiye ninayezungumza naye nikikosea vipimo. Nimtoe?

Fundi Kitambi

JIBU

Fundi, kaa kwanza, maana nahisi bado unazunguka ua.

Umeomba ushauri, lakini nusu ya barua ni sifa za mkwe wako, nami sikulaumu. Mimi mwenyewe ningepanda juu ya meza. Ila umemhukumu asiye na kosa. Mimi ningekuja kwako nikampa jirani sahani yako, na kijiko chako, ungecheka? Bosi hajui ukwe. Anajua bakuli lake. Ukarimu wako ndio uliopigana, yeye alikuwa meno tu.

Mwambie mlinzi atafute mbwa mwingine, na umwambie leo. Malkia aonwe na daktari wa mifugo hata kama sikio ni dogo, na chanjo za wote wawili ziangaliwe. Uwapeleke wewe mwenyewe, usimtume mtu. Wakikutana tena, wakutane barabarani, watembee sambamba, kamba zikiwa zimelegea, hadi wachoshwe na kunusana, ndipo waingie uani pamoja. Bakuli, mifupa na uungwana wako vibaki jikoni. Wakishikana tena, funga mdomo, ficha vidole, tafuta ubao.

Kuhusu mkwe, hebu isome tena barua yako. Aliyemkagua Bosi kwanza hakuwa anadai Bosi afukuzwe. "Mwenye mbwa ni wewe" si hasira, fundi. Alikuachia nafasi ya kujirudi bila kukuaibisha, nawe ukaielewa kama hukumu. Na muuguzi anayekumbuka sabuni katikati ya vita hasahau mpira.

Usiurudishe. Mpigie, mwambie mpira unamsubiri uani, na Bosi anaulalia.