Nimefika Kisiwani Bila Kubebwa

Mpendwa Baba Mutua,

Jana nilienda kisiwani. Usishtuke, sikuzama. Nilivuka kwa miguu yangu mwenyewe na hata unyayo haukulowa.

Unajua vile nilivyokuwa mwoga wa maji. Tulipohamia Kitengela miaka ile ya tisini, hata dimbwi la mbele ya buchari ya nyama nilikuwa nalizunguka. Halafu wewe, kati ya miti yote ya Kajiado, ukaenda kutundika mzinga wako wa nyuki kwenye mgunga ulio katikati ya mto! Kule nyuma ya Kisaju, mahali mto uligawanyika ukakizunguka kile kipande cha ardhi tulichokiita kisiwa chetu. "Huku mbuzi hawafiki, na wezi wanaogopa kulowa," ulisema. Mzee Lemayian, mwenye shamba, alikuachia mti kwa sharti moja: akiwa na sherehe, asali ya kwanza iende kwa boma yake. Mimi mwanakwaya nikanuna, eti unachangia pombe ya asali ya wazee. Ukacheka.

"Mama Mutua, mimi napeana asali tu. Ikifika huko, watajuana nayo."

Kila msimu wa kurina asali ulikuwa unainama pale ukingoni na kuniambia, "Panda." Nami napanda mgongoni kwako, mtu mzima na watoto wake, nimefumba macho, nimekushika shingo karibu nikunyonge. Na maji yenyewe yalikufika magotini tu! Katikati ya mto ulikuwa unasimama makusudi. "Nimechoka. Wacha nikuweke hapa kidogo." Wee! Nilipiga nduru hadi ng'ombe wa ng'ambo wakainua vichwa. Baadaye, ukishamaliza kazi, kipande cha kwanza cha sega kilikuwa changu, hata kabla ya mzee kupata chake. Hilo hakuwahi kujua.

Sasa wiki iliyopita bibi ya mzee Lemayian alinitafuta sokoni. Vijana wao wameuza ile sehemu, na mnunuzi ameleta malori ya udongo wa maramu yakajaza mkono mdogo wa mto. Kisiwa kimeshikana na nchi kavu. Miti nayo itakatwa. "Lakini mzinga iko na alama ya ukoo yenu," akaniambia. "Mzee amekataza mtu yeyote kuguza. Kuja uchukue."

Ndiyo nikaenda. Nilipofika ukingoni, Baba Mutua, niliinama nikavua viatu kama zamani. Mikono ilijifanyia yenyewe. Bibi ya mzee, aliyekuwa akinisindikiza, akanitazama kwa mshangao.

"Mama, unavua viatu ya nini? Maji ilienda."

Tukacheka sote. Halafu nikajipata bado nimesimama pale, nimeshika viatu mkononi, nangoja mtu ainame. Nililia, nisikufiche. Nimekuzika, nimesomesha watoto, watu wananiambia nimejikaza, na bado nakutamani hivyo, mchana kweupe, mbele ya watu.

Nikavaa viatu nikavuka. Kisiwa ni kidogo, kumbe! Nilikizunguka chote kabla hata pumzi haijanikatika. Bikoni za mipaka ya ploti zimesimamishwa hadi karibu na lile jiwe letu la kukalia. Lakini mgunga upo, na mzinga upo, na ile mistari uliyoichoma kwa chuma cha moto bado inaonekana kutoka chini. Nikatega sikio. Nyuki wamo. Wanafanya kazi tu, hakuna aliyewaambia kwamba umeenda.

Shemeji Kilonzo atakuja Jumamosi auteremshe jioni, nyuki wakishaingia ndani. Hapa Kitengela siwezi kukaa nao, tumebanana sana na majirani. Tutaupeleka nyumbani Machakos, tuutundike kwenye mti ulio karibu na kaburi lako. Asali ya kwanza itaenda kwa mzee Lemayian, usiwe na wasiwasi. Sitanuna tena.

Watu wa huku wanafurahi kwamba siku hizi mtu anafika kisiwani bila taabu. Wafurahi tu. Mimi ningeomba maji yarudi yote, yajae hadi shingoni kama yanataka, mradi nikusikie ukiniambia, "Panda."

Ni mimi, mzigo wako wa mgongoni,
Mama Mutua